Ubao Wangu na Mpira wa Taa

Jumatatu, 5 Juni 1978

Baridi kali. Maji ya kunawa yamenikata vidole. Lakini siku njema: mashine imefika ukumbini!

Maelezo, kwa faida ya watakaosoma daftari hili nikishakufa. Mzungu mpima barabara amemaliza mkataba wake, na kabla ya kuondoka ameuachia ukumbi wetu hapa Mwanjelwa televisheni na kisanduku cha mchezo. Televisheni yenyewe haina cha kuonyesha, maana bara hatuna kituo. Lakini ukichomeka kisanduku, kioo kinakuwa cheusi, vijistari viwili vyeupe vinasimama kulia na kushoto, na kitone kinaruka kati yao. Kila mchezaji anashika kitasa chake chenye waya. Ukikizungusha, kijistari chako kinapanda au kinashuka. Kitone kikikupita, mwenzako kapata pointi. Wa kwanza kufika kumi na tano ndiye mshindi.

Nimeubatiza Mpira wa Taa. Haki ya kubatiza ninayo. Kwa miaka mitatu sasa nusu ya kulia ya ubao wa matangazo ni yangu, na kila Jumatatu nabandika hukumu juu ya mchezo mmoja. Bao, karata, drafti, yote nimeshayapa alama. (Drafti: saba kwa kumi. Inaharibiwa na tabia za wanaoicheza.) Mafundi cherehani huja kusoma wakiwa na futi shingoni. Kazini mimi ni karani wa stoo, na hakuna anayesoma nilichoandika ila misumari ikipungua. Ubaoni mimi ni mtu.

Hukumu ya Mpira wa Taa nimeibandika leo leo. Tisa kwa kumi. Sijaucheza bado, lakini mwenye jicho hahitaji kucheza.

Jumanne, 6 Juni

Nimeucheza. Mwalimu Tadeo kanifunga kumi na tano kwa mbili. Moja kati ya hizo mbili niliipata akipiga chafya.

Tadeo anafundisha hesabu, ndiye bingwa wa drafti, na anakunja leso yake mara nne. Alisimama mbele ya watu akauliza, kwa upole wa kuudhi, kama inafaa mtu asiyejua kucheza awe ndiye hakimu wa michezo. Nikamjibu kwamba refa hafungi magoli. Watu wakacheka, sijui kwa upande gani.

Ndugu Kalinga, mwenyekiti wetu, ndiyo kwanza karudi likizo Iringa na tenga la nyanya za Ilula, na alitaka kuzigawa kabla hazijapondeka. Akakata shauri haraka haraka. Jumamosi tucheze tena mbele ya wanachama wote, na atakayeshinda, ubao ni wake. Akatupa kila mmoja nyanya tatu, akaenda zake.

Miaka mitatu ya kazi, na mtu anaiamua akiwa anawaza nyanya!

Nimebandika hukumu mpya. Mpira wa Taa: nne kwa kumi.

Jumatano, 7 Juni

Kama katibu wa ukumbi, ufunguo ninao mimi. Baada ya kazi nimekwenda kujinoa peke yangu. Haiwezekani. Nilishika vitasa vyote viwili, mkono wangu wa kushoto ukanifunga.

Mke wangu Tupokigwe akaja na chakula, ndizi na maharage. Nikamwomba ashike kitasa cha pili, asihangaike na kushinda, azungushe tu. Kumi na tano kwa moja. Kumi na tano zilikuwa zake. Alibahatisha. Tukarudia. Kumi na tano kwa sifuri. Alibahatisha tena. Mara ya tatu alikuwa anatazama sahani yangu kuliko kioo, akasema, "Baba Lusia, maharage yanapoa." Sifuri tena.

Nilimuuliza anafanyaje. Anasema kitone ni kama kifaranga, ukikiangalia unajua kinataka kupita wapi. Hayo si maelezo ya kitaalamu.

Nikala. Nikiwa kwenye ndizi ya mwisho, wazo likanijia. Wazo kubwa mno!

Alhamisi, 8 Juni

Mpango wenyewe. Ukumbi una chumba cha chai, na ukutani kuna kidirisha cha kupitishia vikombe chenye pazia la kitenge. Zamu ya chai Jumamosi ni ya Tupokigwe. (Zamu napanga mimi.) Televisheni nimeihamishia ukuta wa mkabala. Viti vya wachezaji vinakipa kidirisha mgongo, watazamaji watakaa kando. Kalinga aliuliza kwa nini. Nikamwambia ni kwa usalama wa umeme. Hakuuliza tena.

Waya wa kitasa changu umerefushwa na fundi redio Jailos kwa waya wa kengele. Naye aliuliza. Naye nikamwambia ni usalama wa umeme. Waya utapita nyuma ya kiti changu, upande ukutani hadi chini ya pazia. Humo ndani Tupokigwe atacheza, akichungulia kwenye tundu nililolikata. Mimi huku nje nitashika kopo tupu la dawa ya viatu, lenye kitasa cha redio iliyokufa. Nitakizungusha kwa hisia.

Tupokigwe hakupendezwa. Aliuliza kwa nini asicheze yeye, waziwazi, amfunge huyo mwalimu tukanywe chai. Nikamweleza kwamba ubao ni wangu, si wake. Akauliza kama kweli ubao ule ni kitu kikubwa hivyo. Hapo sikuweza kujidai. Nikamwambia nikiupoteza nitakuwa karani wa stoo siku zote saba za juma. Kisha akasema haya, lakini mara moja tu.

Ni mwanamke mwema. Nisimwambie, atavimba kichwa.

Ijumaa, 9 Juni

Mazoezi ya mwisho. Mimi na kopo langu tumeelewana sana.

Ushindi wa namna hii unahitaji shahidi wa maana. Jana jioni nilimpa kondakta wa basi la Tukuyu barua kwa baba yangu, Mzee Alinanuswe. Tangu niko darasa la nne baba anasema michezo haitanifikisha popote. Nimemwandikia aje aone kwa macho yake iliponifikisha. Leo kondakta kaleta jibu: anakuja.

Nimefikiria kila kitu. Baba hatafikia kwangu, atafikia kwa mdogo wangu, kule Uyole. Sisi Wanyakyusa mke haonani na baba mkwe wake. Tupokigwe akisikia tu sauti ya baba uani, anatoka kwa mlango wa nyuma, hata ugali uwe motoni. Miaka tisa ya ndoa hawajatazamana. Pasaka iliyopita tulikula mkaa. Heri atoke Tekla, mke wa mdogo wangu. Huko Uyole wana migomba mingi ya kujificha.

Tupokigwe sijamwambia kama baba anakuja. Kichwa chake akiachie Mpira wa Taa.

Jumamosi, 10 Juni

Nitaandika yote.

Ukumbi ulijaa. Nilivaa koti. Tadeo alikunja leso, akaiweka gotini. Tukaanza.

Raha iliyoje! Kijistari changu kilikwenda kama kimetumwa. Nne bila. Nane kwa mbili. Mafundi cherehani walikuwa wamesimama juu ya benchi. Nilizungusha kopo, nikakunja uso, mara mojamoja nikafumba macho kwa makusudi. Ndugu Kalinga akasema hajapata kuona kitu kama kile. Kumi na mbili kwa nne. Tadeo aliichukua leso gotini akajifuta shingo bila kuikunja tena. Kama ningekufa dakika ile ningekufa vizuri.

Mlango ukafunguliwa. Baba akaingia na fimbo yake na kofia yake ya kanisani, akaujaza ukumbi kwa salamu ya Kinyakyusa.

"Mugonile!"

Nyuma yangu nikasikia kijiko kikianguka kwenye sahani. Kisha mlango wa nyuma wa chumba cha chai.

Kijistari changu kikasimama.

Nikazungusha. Kitone kikapita. Nikazungusha kwa nguvu zote. Kikapita. Baba akakaa mstari wa mbele, akauliza mwanawe ni yupi kati ya vijistari hivyo, wakamwonyesha kile kisichotikisika. Kumi na mbili kwa tisa. Kumi na mbili kwa kumi na tatu. Nikazungusha mpaka kitasa kikachomoka kwenye kopo, kikabingirika sakafuni hadi kwenye kiatu cha Tadeo.

Kumi na tano.

Tadeo akaokota kitasa. Akatazama kopo. Kisha, kwa upole uleule, akashika waya nyuma ya kiti changu, akaufuata kwa kidole ukutani hadi kidirishani, akafunua pazia. Chumba kitupu. Birika linachemka. Kitasa halisi kimelazwa kwenye kisahani, karibu na kikombe cha chai kilichofika nusu.

Nilisema ni usalama wa umeme. Kalinga akasema ubao ni wa Mwalimu.

Jumapili, 11 Juni

Kanisani nilikaa nyuma ya nguzo.

Baba amerudi Tukuyu. Juu yangu hakusema neno. Juu ya mkwewe alisema mengi, mbele ya watu, pale nje ya kanisa. Kwamba mwanamke yule amelelewa. Kwamba alikuwa anashinda, na bado akaacha ushindi kwa heshima ya mzee. Amemwachia mkungu wa ndizi. Mimi nimeambiwa niubebe.

Tupokigwe hajanigombeza. Ameniuliza jambo moja tu: ni nani aliyemwita baba. Nimesema ni habari ndefu.

Jumatatu, 12 Juni

Karatasi ya Tadeo iko ubaoni. Mwandiko wa mwalimu, mstari umenyooka. Mpira wa Taa: nane kwa kumi. Mchezaji bora aliyepata kuonekana ukumbini: mama wa chai. Mchezaji dhaifu kuliko wote: kopo.

Mafundi cherehani walisoma kwa sauti, mara mbili. Mimi nilipita upande wa pili wa barabara. Nilijisikia vibaya sana, vibaya kuliko nilivyotazamia, na sikuwa na mahali pa kuandika hivyo ila humu.

Jumatano, 14 Juni

Kamati imemwalika Tupokigwe acheze na Tadeo waziwazi. Akaja na binti yetu Lusia mgongoni. Kumi na tano kwa sita. Tadeo alisimama akampigia makofi, na watu wote wakasimama. Kwa haki nakiri lilikuwa jambo zuri kulitazama. Macho yaliniwasha. Moshi wa jikoni, bila shaka.

Kisha Kalinga akasema sheria ni sheria, atakayemshinda Mwalimu ubao ni wake. Moyo ukanirukia mdomoni! Tupokigwe akajibu kwamba yeye hana nafasi ya kuandika, anapenda kucheza tu, ubao abaki nao Mwalimu.

Njiani nilimuuliza, angeshindwa nini kunipa mimi?

"Wewe si ulisema ubao si wangu, Baba Lusia," akasema. "Ningekupaje kitu ambacho si changu?"

Nikatembea hatua kumi mbele yake hadi nyumbani.

Ijumaa, 16 Juni

Nimetafakari kwa utulivu, kama mtu mzima. Kosa nimeliona. Kosa lilikuwa kumtegemea mtu asiyeweza kukaa mahali pamoja.

Leo nimekwenda Uyole. Tekla, mke wa mdogo wangu, anachambua mchele bila hata kutazama ungo. Mikono ya ajabu! Nimemjaribisha kwa kopo, na amekubali kuja kushika zamu ya chai. Tadeo naye amekubali turudiane Jumamosi ijayo, ubao uwe zawadi. Alikubali akitabasamu. Maskini, hajui. Pazia nimelishona tundu la zamani, nimekata jipya, kubwa zaidi.

Baba nimeshamwandikia. Safari hii aje mapema, nimemwekea kiti pembeni mwa kidirisha cha chai, aone kila kitu.