Bamba Linalong'aa

Jumatatu, 3 Juni
Kikao cha familia kwa wakwe. Baba mkwe amepata nafasi ya kupasuliwa macho Ijumaa. Daktari mgeni yupo wiki hii tu. Njia ya kutoka kwake hadi barabara kuu ni mawe matupu. Shemeji, kaka wa mke wangu, ndiyo kwanza anafungua mdomo. Nikamwahi! Nikasema mzee nitampeleka mimi, gari langu ni la kazi hiyo hasa.

Shemeji akainama, akachungulia chini ya gari. Akasema tumbo liko wazi, jiwe moja tu na sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, imekwenda. Ana bamba la chuma la ziada la kukinga hapo, linaingia kwenye gari langu bila shida, nilichukue bure. Nikamwambia asihangaike, la kwangu liko njiani. Halikuwa njiani. Halikuwa popote.

Jumanne, 4 Juni
Duka la vipuri. Muuzaji akanitolea bamba la chuma. Jeusi, zito, baya kama mlango wa jela. Tena sawasawa na la shemeji! Nikaliacha. Uani nikaona shiti la alumini, lile la kutandika sakafu ya mabasi. Linang'aa kama kioo, unaweza kunyolea ndevu! Muuzaji akasema hilo ni la kukanyagwa na viatu, si la kugongwa na mawe. Wauzaji hawapendi mteja mwenye mawazo yake.

Mke wangu akauliza nani ataliona huko chini. Akanisihi nichukue la kaka yake. Nikajifanya natafuta spana.

Jumatano, 5 Juni
Nimelifunga mwenyewe. Mgongo umekufa. Fundi jirani akapita, akajaribu kupenyeza kidole kati ya bamba na sampo. Hakikupita. Akasema lazima pawe na nafasi, bamba likibonyea lisiguse. Nikamweleza kwamba limebana kama soksi, na hiyo ndiyo kinga yenyewe. Akanitazama weee, kisha akaenda zake.

Ijumaa, 7 Juni
Sijui niandikeje. Mzee alikuwa mlangoni tayari, amevaa suti aliyoivaa kwenye harusi yetu. Jiwe la kwanza, kishindo kidogo. La pili, kishindo cha haja. Nikaongeza mwendo ili tusisikie mengine. Taa nyekundu ikawaka. Baba mkwe, ambaye siku hizi ananitambua kwa sauti tu, akauliza, "Mwanangu, hiyo nyekundu ni nini?"

Nikasema redio.

Akasema basi iongeze sauti kidogo, tusikie habari. Injini ikasaga, ikakohoa, ikanyamaza. Simu haishiki. Tukakaa juu ya mawe, mbele yetu mchirizi mweusi wa oili ambao mzee hakuuona. Ilibidi nimweleze mwenyewe.

Shemeji alitufikia alasiri, baada ya dada yake kuona kimya kimezidi. Akampakia mzee mbele kwenye gari lake, mimi nyuma. Hospitali tukaambiwa daktari ameshafunga vifaa vyake na kuondoka.

Jumapili, 9 Juni
Mke wangu anaongea nami kupitia watoto. Nimekwenda kwa mzee kuomba radhi. Alinisikia nikiingia, akanyoosha mkono upande ambao sikuwepo. Nikahamia upande ule.

Akasema daktari atarudi mwezi wa kumi na moja, si mbali. Alitaka tu kumwona mjukuu wake mpya kabla hajaota meno. Hakusema kwa lawama, ndiyo maana inaniuma. Lile bamba lilikuwepo, lilikuwa tayari. Kilichonizuia ni sura ya mtoaji.

Jumanne, 11 Juni
Asubuhi nzima nimejitafakari. Nimenyenyekea. Nimekiri: kosa lilikuwa alumini. Inakunjika!

Nyuma ya karakana wanakotengeneza injini yangu wametupa mkanda wa mpira, ule mzito wa mashine ya kusaga kokoto. Mpira! Jiwe likigonga, linarudi lilikotoka. Shemeji hana kitu kama hicho. Hajui hata kama kipo. Fundi wa hapo amesema utashika moto kwenye bomba la ekzosi. Wivu. Nimeshaukata, nimeuficha chini ya kitanda.

Mwezi wa kumi na moja mzee nitampeleka mimi. Mke wangu sijamwambia. Nangoja kwanza aanze kuongea nami.