Sifuri Nne za Kimya cha Padri

Jumatatu, 13 Oktoba

Mvua. Upepo. Na vita!

Nimetoka msalani pale baa kwa Mama Hanratty nikamkuta shemeji Malachy amekaa kwenye kiti changu. Kiti cha kando ya moto! Alikikalia baba yangu mpaka mwaka aliokufa, na mto wake bado una shimo la makalio ya ukoo wa Mulqueen. Nikamwambia ainuke. Akasema aliyekwenda haja hana haja na kiti. Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Tukabishana mpaka mbwa wa baa akatoka nje mvuani. Mwisho Mama Hanratty akagonga kaunta, akatoa hukumu. Jumamosi kuna mbio za farasi hapa Kilbrannagh. Mbio za tatu, zile za kuruka viunzi, kila mmoja wetu achague farasi wake. Ambaye farasi wake atamaliza mbele ya wa mwenzake, kiti ni chake mpaka Pasaka. Wa pili atakaa karibu na mlango wa msala, na asisikike akinung'unika.

Malachy anabeti tangu ana meno ya utoto. Mimi sijawahi kubeti hata kama mvua itanyesha. Nikakubali pale pale! Nikatangaza kwamba farasi nawajua nje ndani. Dervla, mke wangu, ambaye huyo Malachy ni kaka yake wa damu, alicheka njia nzima hadi nyumbani.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimenunua gazeti la mbio. Maandishi ya sisimizi! Lakini akili ninayo. Kila farasi ana jina, uzito anaobeba, jina la mpandaji, na pembeni tarakimu za mbio zake zilizopita. Hilo nimeling'amua peke yangu, bila kuuliza mtu.

Nikaanza na Shoka Jipya, ambaye mji mzima unamtegemea. Tarakimu zake: 1, 2, 1, 3. Masikini! Hakuna mara hata moja aliyokosa kukosea.

Maana mimi kila Agosti nakwenda na dada yangu Dublin kwenye maonyesho ya farasi. Pale farasi akiangusha nguzo anahesabiwa makosa. Asipoangusha hata moja, wanaandika sifuri, na uwanja mzima unasimama kumpigia makofi. Sifuri ndiyo utukufu wenyewe! Mtu kama Malachy, ambaye hajawahi kuvaa tai, atajulia wapi mambo hayo?

Basi nikashuka na kidole hadi chini kabisa ya ukurasa. Na hapo nikamwona. Kimya cha Padri. 0, 0, 0, 0.

Sifuri nne! Nimelazimika kukaa chini. Na wachukua madau wanampa hamsini kwa moja, yaani euro moja izae hamsini! Vipofu wote! Nimelificha gazeti ndani ya kopo la mkate, chini ya mkate wenyewe. Dervla ameuliza kwa nini mkate unanuka wino. Nikamwambia ni aina mpya.

Alhamisi, 16 Oktoba

Leo nimekuwa mjanja kuliko sungura.

Hatari ilikuwa moja tu: Malachy naye asije akaziona sifuri. Kwa hiyo nikaingia baa nikipiga mluzi, nikamnong'oneza Mama Hanratty kwamba namchagua Shoka Jipya, lakini asimwambie mtu. Nikanong'ona kwa sauti ya kufika dirishani, alipokaa Malachy. Akaruka kutoka pale! Akapayuka kwamba Shoka Jipya ni wake, kamchukua yeye, mashahidi wote wapo. Nikajifanya nimeumia. Nikashika hata kifua.

Kisha nikamtaja wangu: Kimya cha Padri.

Mama Hanratty akaniuliza kama nimekula. Malachy akanitazama, akatazama dari, akaninunulia bia nyeusi. Malachy! Mara ya mwisho kuninunulia kinywaji alikuwa ananiomba ngazi. Hofu hiyo. Nimeinywa polepole mbele yake.

Dervla anasema kaka yake hajawahi kutoa kitu bure tangu azaliwe. Wivu wa ndugu tu.

Jumamosi, 18 Oktoba

Siku ya siku! Nimeamka kabla ya jogoo wa jirani.

Ardhi nzito, matope mpaka vifundoni. Dervla kabeba chai na mikate ya nyama ya nguruwe. Nilipomtajia mchukua madau jina la farasi wangu na kumpa noti yangu ya euro kumi, akaniomba nirudie. Nikarudia. Akanipa mkono kama tuko msibani.

Nikaenda kumwangalia farasi mwenyewe akizungushwa. Mtulivu ajabu! Wenzake wanarukaruka, yeye anasinzia. Alipofumbua macho akala ua kwenye kofia ya mama mmoja.

Mbio zikaanza. Nikapiga kelele mpaka meno ya bandia yakacheza! Kimya cha Padri akakaa nyuma kwa heshima zake, akiruka viunzi bila kugusa hata kimoja. Nikamwonyesha Padri Lonergan, aliyesimama karibu nasi chini ya mwavuli. Nikamwambia, ona, Padri, kosa sifuri, kama kawaida yake.

Padri akaniuliza sifuri gani. Nikamweleza. Akanishika bega na kusema kwa sauti ile anayowawekea wafiwa:

"Con, mwanangu, hizo ni nafasi alizoshika. Sifuri maana yake hakufika hata wa tisa."

Mara nne, Padri?

"Mara nne."

Nikaona mlango wa msala ukifunguka na kufungwa mpaka Pasaka. Nilimkumbuka baba, na nakiri machozi yalinilenga. Kule mbele Shoka Jipya anaongoza peke yake, Malachy anaruka juu ya kreti, anamwita farasi mpenzi wangu, mpenzi wangu!

Kiunzi cha mwisho. Shoka Jipya akateleza. Mpandaji akaruka upande wake, farasi upande wake! Mpandaji akaketi matopeni akitukana, mzima wa afya, na farasi akaendelea mwenyewe, akavuka mstari wa mwisho akiwa wa kwanza.

Malachy akashangilia. Alikuwa peke yake. Farasi bila mpandaji hahesabiwi!

Na nyuma kabisa, wa kumi na mmoja, akitembea kama anarudi kutoka dukani, akaja Kimya cha Padri. Na mtu wake juu! Euro kumi zimekwenda na maji, lakini amemaliza, na Shoka Jipya hakumaliza!

Malachy akakata rufaa baani, eti farasi wake kavuka kwanza, macho ya watu wote yameona. Mama Hanratty akamwambia farasi bila mpandaji ni Misa bila padri, na akamwonyesha mlango wa msala. Kiti changu! Nimembusu Dervla mbele za watu.

Jumapili, 19 Oktoba

Baada ya Misa, moja kwa moja kitini. Moto unawaka, shimo la mto linanijua. Kila anayekwenda haja anampiga Malachy kwa mlango.

Nimelitafakari lile jambo la Padri Lonergan. Mtu wa Mungu, simlaumu. Lakini yeye mwenyewe alimbetia Shoka Jipya, na alipoteza. Nani basi anayejua maana ya sifuri? Nimefungua gazeti la Jumamosi ijayo, na yupo mmoja, jina lake Mguu wa Meza. Sifuri tano!

Malachy kanisikia nikimtaja. Kaniomba turudie, kiti kiwe dau, safari hii mpaka tufe. Dervla alinikanyaga mguu chini ya meza. Nikakubali pale pale! Na Malachy, masikini, hofu imemshika vibaya: leo kaninunulia bia mbili.