Nameza Siku za Kitambaa Cheusi

Jumatatu, 3 Machi

Nimerudi kibarazani! Cherehani yangu imelala chini ya gunia muda wote niliokuwa hospitali nikitiwa kijibomba cha waya ndani ya mshipa wa paja. Mshipa ulikuwa umeziba, damu haifiki unyayoni. Daktari alisema ni sigara. Mimi nasema ni kukanyaga cherehani, lakini sikubishana, yeye ndiye aliyeshika sindano.

Sharti lake ni moja. Vidonge viwili vya kuzuia damu isigande, kila asubuhi, nisiruke hata siku. Nikiruka, kijibomba kitaziba na mguu utakatwa. Aliyasema haya mbele ya mke wangu, makusudi kabisa. Sasa ananisimamia nikimeza, mikono kiunoni.

Mkasi, fundi tunayegawana naye kibaraza, amenipa pole ndefu mno. Wateja wangu wote wamehamia kwake. Pole yenye meno!

Jumanne, 4 Machi

Oda! Chuo cha wauguzi kinataka magauni meupe ya wanafunzi wapya. Matroni atampa kazi yote fundi atakayeleta sampuli safi. Ni mimi au Mkasi. Nimemshauri Mkasi asipoteze uzi wake bure.

Kisha nikajichoma sindano. Zamani ningelamba kidole na kuendelea. Leo damu imekataa kukoma. Kola ikaingia doa, nikaifuta, na kifua nacho kikaingia doa. Mkasi akauliza kwa upole kama wauguzi siku hizi wanavaa madoadoa.

Halafu kuna haya mabaka ya zambarau mikononi. Nikigusa ukingo wa meza tu, baka! Mkasi ameshawaambia watu kuwa mke wangu ananipiga. Muuza mkaa amenivuta pembeni akaniambia nisione haya, hata shemeji yake yalimkuta.

Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaniletea subana, kile kikofia cha chuma cha kuvaa kidoleni. Nimemwambia subana ni ya wanagenzi. Nimeitupa kwenye droo.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata! Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Vidonge vinaifanya damu iwe nyepesi. Damu nyepesi inachafua kitambaa cheupe. Cheusi je? Hakichafuki, au kikichafuka nani ataona? Basi siku za kitambaa cheusi nitameza, siku za cheupe simezi. Kijivu nitaamua papo hapo. Daktari kasoma sana lakini ushonaji haujui.

Mke wangu nampiga chenga. Vidonge chini ya ulimi, maji gudugudu, tabasamu. Akigeuka navitemea kwenye kopo la vifungo.

Jumatatu, 10 Machi

Sampuli yangu imeshinda! Matroni ameikagua mpaka mishono ya ndani, hakuona hata alama ya chaki. Oda yote ni yangu. Mkasi amenuna mpaka amekosea tundu la sindano.

Kuna tatizo dogo. Oda yote ni nyeupe. Nilitaka kutia suruali nyeusi ya muuza mkaa katikati ili nimeze siku hiyo, lakini nafasi haipo. Naogopa kidogo, nakiri. Lakini mabaka yamefifia, na mtaani nimekuwa tena mwanamume asiyepigwa.

Alhamisi, 13 Machi

Unyayo ni wa baridi. Sakafu ya saruji hiyo! Nimevaa soksi mbili. Mguu siusikii vizuri, inabidi nitazame chini kujua kama uko juu ya pedali. Shavu la mguu linauma hata nikiwa nimekaa.

Mkasi ameutazama, akasema umebadilika rangi, niende hospitali sasa hivi, magauni yaliyobaki atayamaliza yeye. Aha! Anadhani simjui? Nimemwambia oda yangu haitaki yaya.

Ijumaa, 14 Machi

Siku ya kliniki, na mke wangu kang'ang'ania kunisindikiza. Najua muuguzi huanza kwa kuugusa mguu asikie joto lake. Kwa hiyo nilitia chupa ya maji ya moto mfukoni, nikajifungia chooni, nikaukandamiza unyayo juu yake. Sikusikia moto wowote. Nikakandamiza zaidi.

Muuguzi aligusa, akasema una joto zuri. Ushindi! Kisha akanivua soksi, na ngozi ya kidole gumba ikabaki ndani ya soksi. Sikusikia chochote. Akatafuta mapigo juu ya unyayo, akatafuta tena, akamwita daktari.

Daktari akauliza kama nameza vidonge. Nikasema kila siku, mke wangu shahidi. Mke wangu akafungua mkoba, akaweka mezani kopo la vifungo. Asubuhi alikuwa anatafuta kifungo cha blauzi yake. Vidonge vilikuwa vimeyeyuka, vimegandamana na vifungo.

Hakupiga kelele. Heri angepiga. Alisema tu kwamba mficha maradhi kilio humuumbua, na kwamba watakaolia ni yeye na wanawe, si mimi.

Jumapili, 16 Machi

Jana walijaribu kuzibua mshipa. Damu haikupita. Wameukata mguu chini ya goti.

Nataka kujikuna vidole, vidole havipo. Nimelia. Mke wangu alikishika kichwa changu tumboni mwake.

Mkasi amekuja. Anamalizia magauni, na kwa matroni atataja jina langu. Nimejaribu kumchukia, nimeshindwa. Nitajaribu tena nikipata nguvu.

Jumamosi, 22 Machi

Daktari amepita na wanafunzi wake. Amesema mguu uliobaki nao mshipa wake ni mwembamba, na sigara ziishe leo. Ameniandikia vidonge viwili kila asubuhi, vilevile kama mwanzo, maisha yangu yote. Mke wangu akaniapisha mbele ya wote. Nikaapa, na machozi yalikuwa ya kweli. Sitaki kumwona tena amekaa kwenye lile benchi la nje ya chumba cha upasuaji.

Akaenda kuninunulia sabuni. Nikabaki peke yangu, nikapata nafasi ya kutafakari kwa utulivu.

Vidonge viwili vilipangwa nikiwa na miguu miwili. Daktari ana wagonjwa wengi, amesahau kupunguza. Sitamwaibisha mbele ya wanafunzi wake. Kuanzia kesho nameza kimoja.