Damu ya Shemeji Kwenye Chupa Yangu

Jumatatu, 3 Machi
Nimedhalilishwa nyumbani kwangu mwenyewe! Jana nilikuwa dukani nakata suruali ya mteja, nikakaa chini ghafla. Sikuzimia. Nilikaa. Mke wangu anadai nilikaa kwa kutanguliza uso. Anasema nimepauka, nahema nikipanda ngazi tatu, lazima nikapimwe damu. Nimekataa. Basi kaka yake, shemeji yangu, anayeishi kwetu “kwa muda” tangu mwaka juzi, akacheka hadi akapaliwa na chai. Eti fundi cherehani anaogopa sindano! Nikamweleza kwa upole kwamba sindano yangu huingia kwenye kitambaa, na kitambaa hakina mishipa. Hakuelewa. Haelewi kitu yule.

Jumanne, 4 Machi
Nimeokoka! Nesi mmoja kaja kupunguziwa sketi. Kasema hospitalini kwao kuna daktari mtafiti anayepima damu kwa mashine ya sumaku, ile kubwa unayolazwa ndani yake. Bila kutoboa mtu! Inaisoma damu ikiwa humohumo kwenye mshipa wa kichwa: nzito au nyepesi, imebeba oksijeni kiasi gani. Wanatafuta watu wa kujitolea. Nilijitolea kabla hajafunga mdomo. Kwa furaha nikaipunguza sketi kupita kiasi.

Alhamisi, 6 Machi
Huu ni utapeli. Kwanza mhudumu wa mashine kanikagua kama mwizi. Kakuta pini kwenye ukosi, nyingine kwenye soksi. Anasema sumaku ingezirusha kama mishale. Nikamuuliza fundi asiye na pini ni fundi wa nini. Kazitupa kwenye kibakuli. Kanivisha gauni la kufunga kwa nyuma, pindo halikukunjwa. Aibu! Humo ndani kelele kama vyerehani vyote vya mji vinashona bati. Nikavumilia. Nikatoka kifua mbele.

Ndipo daktari mtafiti, mama mpole mwenye miwani, akatamka bila hata haya, “Sasa mzee, pita maabara wakutoe damu kidogo.”

Kidogo! Sumaku ni ya nini basi? Akaeleza kwamba njia bado ni mpya. Wanalinganisha jibu la sumaku na jibu la sindano mpaka waiamini. Kwa nini hawakubandika tangazo mlangoni?

Bahati nzuri shemeji alikuwa kwenye benchi nje. Mke wangu alimtuma anichunge nisitoroke. Nikamwahidi suti. Akachukua kadi yangu, akaingia maabara akipiga mluzi. Nani kasema sina akili?

Jumatatu, 10 Machi
Daktari mtafiti kapiga simu. Sumaku inasema damu yangu ni nyepesi mno, ya kutisha. Maabara inasema ni damu ya fahali. Wote walionitangulia majibu yao yalilingana. Mimi tu nimemvurugia. Wakubwa wake wanataka kuisimamisha kazi yake yote. “Sijui nimekosea wapi,” kasema, nikamsikia anavuta kamasi.

Nikamfariji. Nikamwambia mashine nazo hukosea. Roho iliniuma kidogo, nikaipuuza.

Kinachonichoma ni shemeji. Tangu asikie habari za fahali anatembea nyumbani bila shati. Damu imesifiwa kwa jina langu, anayetamba ni yeye!

Jumanne, 11 Machi
Usaliti! Kutembea bila shati ndiko kulikoniponza. Mke wangu kaona alama ya bluu kwenye mkunjo wa mkono wa kaka yake. Kaja kukagua wangu: safi. Kauliza swali moja tu, shemeji akamwaga yote hata kabla ya kubanwa.

Nimeburutwa hospitalini kwa ukosi wangu mwenyewe. Nakumbuka pamba. Nakumbuka harufu ya spiriti. Nilipofumbua macho niko sakafuni, mke wangu kanishika kichwa, analia. Walikuwa wameshatoa.

Sumaku ilikuwa sahihi. Damu yangu imekwisha hasa. Daktari mtafiti kwanza alicheka kwa furaha, kazi yake imepona. Kisha akavua miwani akaniwakia: wangeiamini ile chupa, ningerudi nyumbani na damu ya kusifiwa, siku moja nianguke nisiinuke. Kanipa vidonge vya kuongeza damu. Mke wangu kanishika mkono njia nzima kama mtoto. Bora angefoka.

Jumatano, 12 Machi
Hakuna aliyenishukuru! Bila mimi wangejuaje kwamba mashine yao inaweza kumshika hata mjanja?

Mwezi ujao natakiwa nirudi. Sumaku tena, sindano tena. Sawa. Nimekaa nikayapima makosa yangu kwa haki, nikaona lilikuwa moja tu: nilichagua mtu mwenye afya. Mlinzi wa geti la hospitali nilimtazama vizuri jana. Amepauka vizuri sana. Anahema akifungua geti tu. Kesho nitapita kumsalimia, nijue mwezi ujao yuko zamu gani.