Yule wa Usiku na Beseni la Maman Cibalonza

Bukavu, Jumatatu, 8 Februari 1999

Wiki nzima sasa nina wageni. Papa Zagabe, mkewe Maman Cibalonza, na binti yao Nsimire. Wamekimbia Kavumu, risasi za barabarani haziishi. Nimewapa chumba chenye kitanda. Mimi nalala salon, pale sebuleni, kwenye mkeka. Majirani wote wanasema Gaston ana roho nzuri. Roho ninayo. Na hesabu pia. Mtu aliyekula bugali yako na samaki zako za sambaza atakunyimaje binti yake?

Kati ya salon na chumba kuna koridoo. Bati la pale limetoboka, Maman Cibalonza ameweka beseni lake kukinga mvua. Niliahidi kuziba tundu. Nitaziba nikishaoa.

Jambo la ajabu. Asubuhi blanketi langu limekutwa juu ya Maman Cibalonza. Akanishukuru mpaka nikaona haya. Nikajibu si neno, mama. Lakini sikumpa! Na mguu wangu wa kushoto umelowa hadi kifundoni. Salon haivuji. Sielewi.

Jumanne, 9 Februari

Jana Nsimire aliniomba niingize gunia la makala ya kupikia ndani. Nikasema mgongo unaniuma. Asubuhi gunia liko jikoni. Nani kalibeba? Mguu umelowa tena. Na mgongo sasa unaniuma kweli.

Halafu nikamsikia Nsimire uani akimnong'oneza mama yake: "Ule wa usiku iko na roho ya muzuri. Ule wa muchana anachokesha."

Kumbe kuna wanaume wawili! Wa mchana atakuwa Papa Zagabe, maana kweli yule muzee anachosha. Wa usiku namjua. Bisimwa, jirani wa ukuta kwa ukuta, anayefanya kazi ONG ya misaada, na viatu vyake vinavyong'aa. Anaingiaje, na usiku ni marufuku kutoka nje? Labda anawahonga askari wa doria biskuti za ONG. Nitamkamata.

Jumatano, 10 Februari

Nilinyunyiza unga wa muhogo koridoo nzima. Ameingia mtegoni. Nyayo kubwa, miguu mitupu, kidole cha pili kirefu kuliko kidole gumba. Kasoro hiyo naijua vizuri, hata mimi ninayo. Nikafuata nyayo kwa nyuma nione zinatoka wapi. Zinatoka salon! Kwa hiyo Bisimwa anajificha salon, ninamolala mimi. Nimetafuta chini ya viti. Hakuna mtu.

Nikaenda kwake, nikasifu ndara zake mpya, nikamwomba nizijaribu. Akavua. Vidole vya kawaida kabisa. Akaniuliza kama naumwa. Papa Zagabe naye amenitazama sana wakati wa chai, akasema nile vizuri, kazi yangu ni nyingi. Kazi gani? Ofisi yetu imefungwa tangu vita ianze.

Alhamisi, 11 Februari

Usiku risasi zimepigwa sana. Mimi namshukuru Mungu nililala fofofo. Niliota niko Minova, sokoni, naiba gunia la muhogo la mtu. Gunia zito kama nini, nikakimbia nalo kwenda kwenye mtumbwi.

Nikaamka koridooni, nimeegemea ukuta, miguu majini. Wote wananitazama. Maman Cibalonza analia na rozari mkononi.

Papa Zagabe akanieleza polepole. Risasi zilipoanza, yeye na Nsimire walishindwa kumwinua maman, maana mguu wake mbovu na mwili wake si mdogo. Wakalala chini kando ya kitanda, wakasali. Ndipo mimi nikaja. Macho wazi, lakini sioni. Nikakanyaga beseni kama kila usiku, nikamtupa maman mgongoni, nikamleta koridooni. Hatujakaa sawa, risasi ikapita dirishani ikaingia kwenye mto wake. Wamenionyesha tundu. Nimeingiza kidole. Nikakaa chini.

Kama kila usiku! Kwa hiyo blanketi, makala, vyote ni mimi. Na wa mchana pia ni mimi.

Ikabaki aibu. Kwetu ni mwiko mkwe, hata mtarajiwa, kumbeba mamamkwe mgongoni! Papa Zagabe alikohoa, akahukumu. Ningekuwa macho, ningetoa mbuzi wa kuosha aibu. Lakini "mutu mwenye kulala hana mama-mukwe." Kesi imekwisha.

Habari za gunia la muhogo nimezinyamazia.

Ijumaa, 12 Februari

Jana jioni Nsimire aliwaambia wazazi wake kwamba yule wa usiku akimwomba, atakubali. Nimesikia kwa masikio yangu. Ningefurahi, lakini nina wivu. Nimefanya nini ambacho yeye hakufanya? Bugali ni yangu. Nyumba ni yangu.

Basi, amwombe! Nikanywa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, nikalala mapema ili atoke mapema. Mpaka asubuhi hakutoka. Mguu mkavu. Siku ninayomhitaji ndiyo siku anayopumzika, mjinga yule.

Jumamosi, 13 Februari

Barabara imetulia. Jumatatu asubuhi wanarudi Kavumu. Zimebaki siku mbili tu, na siwezi kumngoja yule mvivu. Leo nitakuwa yeye. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo: macho wazi, sioni. Nimejitisha mwenyewe.

Jumapili, 14 Februari

Nimechanganyikiwa.

Jana walipokuwa wanasali rozari chumbani, nikatoka salon, mikono mbele, sauti nzito. Nikafika mlangoni. Nikasema mimi Gaston, niliyelala, namwomba Nsimire. Nsimire akacheka mpaka akakaa. Akasema yule wa usiku hukanyaga beseni kila mara, huyu amelizunguka, tena amekunja suruali isilowe.

Papa Zagabe akakasirika. Akasema basi hata Alhamisi nilikuwa macho, nimembeba mkewe kwa makusudi, nilete mbuzi. Nsimire akaacha kucheka. Akanitetea: Alhamisi maji yalimwagika mpaka ukutani, baba ulilowa mwenyewe. Muzee akakumbuka, akatulia. Kisha Nsimire akaniambia, akiangalia chini, kwamba wa usiku na wa mchana wana uso mmoja. Nije kesho mchana, macho wazi, na baba yangu mdogo kama mshenga, niseme neno moja la kweli. Atasikiliza.

Ndiyo leo. Nimelitafakari neno lake tangu misa. Mchana! Mchana kila mtu anaweza. Hata Bisimwa nimemwona sasa hivi getini kwangu, suti imepigwa pasi, ameongozana na baba yake mdogo, anauliza kama Papa Zagabe iko. Nikamwambia iko, aingie. Masikini. Anadhani mambo kama haya yanaamuliwa mchana.

Mimi kosa langu nimelielewa. Ni beseni. Nimeazima la pili, nimelijaza mpaka juu, nimelipanga karibu na lile la kwanza. Leo usiku nitayakanyaga yote mawili.