Uzinduzi wa Studio ya Kufoka kwa Faida ya Jamii

Mheshimiwa mwenyekiti wa kamati, mheshimiwa makamu wake, mheshimiwa uliyemshikia makamu mwavuli, waheshimiwa mliopata viti, ndugu zangu mliosimama, na wewe mlinzi wa mlango hapo nyuma yangu, ambaye tangu asubuhi hujapepesa hata jicho, hamjambo! (Hatujambo!)

Mimi, kwa umri huu na kitambi hiki, siwezi kufoka mstari mmoja bila kutafuta pa kukaa. (Vicheko.) Lakini ofisi yangu, kwa kutambua mchango wa muziki wa kufoka katika kuizindua jamii, na baada ya semina kumi na saba za kujengeana kapasiti, ambazo nilihudhuria zote mwenyewe, hasa saa za chakula, iliazimia kimkakati kwamba kila msanii mwenye ujumbe apate studio, na leo natamka kwa fahari kuwa utekelezaji umefikia asilimia mia moja na nne. (Makofi. Sauti: "Hizo nne za wapi?") Za akiba, kaka.

Tunaye hapa fundi cherehani wetu, Dada Sindano, aliyesubiri miaka mitatu arekodi wimbo wake kuhusu zahanati isiyo na mkunga. Kamati ya maudhui iliupitia, ikaondoa "zahanati", ikaondoa "mkunga", ikaondoa "benchi" kwa kuwa fanicha ziko chini ya idara nyingine, na yaliyobaki, yaani "ndiyo" na "jamani", tumeyapitisha bila masharti! (Sindano: "Mzee, mdogo wangu alijifungulia kwenye hilo benchi!") Nimekusikia, mwanangu, fidibeki yako imepokelewa. Studio ndiyo hii, shika kitasa, ingia ukarekodi. Vuta. Vuta kwa nguvu. Basi sukuma. (Kitasa kinambandukia kwenye kucha, rangi tupu. Anawageukia watu, anaufoka wimbo wote, benchi likiwemo. Umati unampigia mdundo kwa viganja.)

Naam, huo ndio utamaduni! Tufoke! ("Mkunga!") Kwa jamii! ("Benchi!") Kwa maendeleo! ("Mkunga!") Mnaitikia vizuri, ingawa sivyo ilivyoandikwa hapa.

Nimalizie kwa kumshukuru fundi rangi, ambaye kwa siku mbili tu, kwenye ukuta huu wa ghala, alituchorea mlango, madirisha mawili, na huyu mlinzi, niliyemsalimu mara tatu nikamkabidhi na koti langu anishikie, ambalo sasa naliona liko chini. Asanteni sana.