Hema la Kitambaa Kisicholowekwa

Jumatatu, 3 Agosti

Wazo limekuja saa nne asubuhi, nikiwa juu ya ngazi, napima madirisha ya ofisi ya bwana misitu. Nilikuwa nalalamika. Nikipima madirisha lazima nilalamike, vinginevyo nakosea vipimo. Nikamwambia Jumamosi hii mimi na mke wangu tunatimiza miaka kumi ya ndoa na sina pa kumpeleka. Mke wangu ni mkunga. Tangu wodi yao ipungukiwe watu hajapata siku mbili mfululizo za kupumzika. Sasa kapewa Jumamosi na Jumapili hii, basi, hadi mwakani. Nilimuuliza anataka zawadi gani. Hakutaka nguo wala saa. Alisema anataka kukaa karibu na maji, mahali ambapo hakuna mtu wa kumwomba kitu.

Bwana misitu akacheka. Akaniambia kule msituni, kwenye maziwa, watu hupiga kambi bure. Bure kabisa! Hakuna lango, hakuna tiketi. Hakuna pia bomba, choo wala taa, lakini hayo ni mambo madogo. Kando ya ziwa kubwa kuna viwanja saba, kila kimoja na duara lake la mawe la kuwashia moto. Anayetangulia ndiye mwenyeji. Sharti ni moja: kiwanja lazima kilale mtu. Hema tupu akilikuta, analing'oa kwa mikono yake. Kiwanja bora ni cha saba, mwisho wa njia, kina mchanga wake na kighuba chake.

Nilishuka kwenye ngazi nikiwa mtu mwingine.

Jioni nikafanya kosa. Nikampigia mwanyumba. Huyu kamwoa mdogo wa mke wangu, anauza matairi, na kila mwaka humpeleka mkewe hotelini, kisha anakuja kutuonyesha picha za taulo zilizokunjwa umbo la bata. Nilitaka aumie kidogo tu. Akasema wazo zuri sana, naye atakuja, na hema lake jipya la watu sita, lenye sebule. Akauliza kiwanja bora ni kipi.

Nikamwambia! Mdomo uliponza kichwa.

Jumanne, 4 Agosti

Mpango umekamilika. Kiwanja cha saba kishikwe Alhamisi, kabla mwanyumba hajafunga duka. Lakini kishikwe na nani? Mimi lazima nirudi Ijumaa kumalizia kazi za watu. Mke wangu yuko zamu hadi Jumamosi asubuhi. Nani hana kazi, ana afya njema, na akishakaa mahali haondoki hata aletewe trekta?

Mama mkwe!

Hema nitashona mwenyewe. Miaka kumi na tano nashona mapazia. Hema ni nini, kama si pazia lililochoka kusimama? Kitambaa kipo, kizito, rangi ya majani mabichi. Mteja alikikataa akidai kinamkumbusha shule ya bweni.

Tatizo ni moja. Ukutani, juu ya cherehani, kuna tangazo nililoliandika kwa mkono wangu: KITAMBAA HAKIKATWI KABLA YA KULOWEKWA. Kitambaa cha namna hii kikiguswa na maji mara ya kwanza hujivuta. Nimewahi kugombana na fundi mwenzangu kwa kosa hilo hadi tukaachana. Kuloweka, kukausha na kupiga pasi ni siku mbili, na siku mbili sina.

Nimesimama mbele ya tangazo muda mrefu. Mwishowe nikaelewa. Tangazo linahusu mapazia. Hili ni hema.

Nimekata.

Jumatano, 5 Agosti

Mama mkwe kakubali haraka mno, hadi nikaingiwa na wasiwasi. Nilikuwa nimejiandaa kubembeleza saa nzima. Aliuliza tu kama kuna wanyama. Nikasema ndege, na fisi maji mmoja mmoja. Akasema haulizi kwa woga, anataka kujua abebe fimbo ipi.

Ametoa masharti matatu. Kiti chake cha mbao chenye mikono kiende. Redio iende. Na binti yake asiambiwe, maana atamkataza. Hilo la tatu lilikuwa sharti langu pia. Tukapeana mikono kama wezi.

Mke wangu nimemwambia mama yake amekwenda kumtembelea shoga yake, na mimi kesho nakwenda mbali kutundika mapazia. Alinitazama kidogo, akasema haya. Akarudi kuloweka miguu kwenye beseni. Zamani angeniuliza maswali kumi. Siku hizi amechoka hata kunishuku, na hilo limeniuma kuliko kama ningegombezwa.

Sawa. Jumamosi ataona.

Alhamisi, 6 Agosti

Basi linaishia njia panda. Kutoka hapo ni saa moja na nusu kwa miguu. Hema mgongoni, kiti kichwani. Mama mkwe mbele na fimbo na redio yake, kila baada ya kona akigeuka kuuliza kama napumzika au nimeshakufa.

Halafu ziwa! Sikutarajia. Miti inashuka hadi majini, hakuna sauti ila maji yakigonga mawe taratibu. Nilitua kiti nikasimama tu. Nikamwona mke wangu amekaa pale kwenye mchanga, hana viatu, hana mtu wa kumwita. Nikasema kwa sauti kwamba anastahili mahali kama hapa. Mama mkwe akasema anastahili pia mume mwenye hema la dukani.

Lakini hema langu ni zuri, nasema bila kujisifu. Kwa mazoea nimeweka marinda mlangoni na vishikizo pembeni. Watu wa kiwanja cha tatu walikuja kulitazama. Mmoja akauliza arusi ni saa ngapi.

Mkwe halali hema moja na mama mkwe wake. Heshima kwanza. Mimi turubai langu lipo nyuma ya kichaka.

Ijumaa, 7 Agosti

Mbu wamenila hadi kope.

Asubuhi nimechota maji ya ziwa nikayachemsha. Nimechimba choo hatua mia mbili kutoka majini, kama bwana misitu alivyoagiza. Hatua ya mia na hamsini kuna jiwe, sikulizunguka nisije nikapoteza hesabu, nimelivunja. Mama mkwe kanikagulia shimo akasema lingeweza kuwa na kina zaidi.

Nikiwa njiani kurudi mjini, nani huyo anakuja? Mwanyumba! Kafunga duka asubuhi! Anasukuma mkokoteni, mkewe nyuma na mito. Akanisalimu kwa tabasamu lake la kuuzia matairi, akauliza kiwanja cha saba kikoje. Nikamwambia kimeshikwa. Akauliza kimeshikwa na nani.

Nikamwambia: na mama mkwe wako.

Sura yake! Taulo zote za bata nimezisamehe palepale.

Nasikia alijaribu. Alifika akamwomba mama abadilishane, amhamishie kiwanja cha sita. Mama akamjibu kwamba mabinti wake wote wawili ni wake, lakini wa kwanza kufikiriwa leo ni yule anayekesha na wazazi wodini. Simu ya shemeji ndiyo iliyonipa habari hizi. Nimeimba hadi nyumbani.

Jumamosi, 8 Agosti

Nina aibu. Naandika hata hivyo.

Mke wangu alitoka zamu saa moja asubuhi. Alikuwa amezalisha watatu, hajafumba jicho. Watoto tukawapeleka kwa dada yangu. Nilimwambia ni siri, anifuate tu. Kwenye njia ya msituni alinishika mkono. Miaka mingapi hajanishika mkono njiani? Nikatembea polepole makusudi.

Tukafika. Akaona ziwa. Akafungua mdomo kusema kitu kizuri, naamini kilikuwa kizuri, kisha akamwona mama yake kitini, redio inaimba. Akamwona mdogo wake. Akamwona shemeji yake na sebule. Akaliona hema lenye marinda. Akafunga mdomo. Mke wangu anaponyamaza ni heri angepiga kelele.

Mama mkwe akaomba chai. Mdogo wake akaomba amtazame mgongo. Mwanyumba akavuta mkono wa shati, akaomba apimwe presha. Halafu akaja mama wa kiwanja cha nne na kidole cha mguu. Halafu wengine. Kumbe tangu Alhamisi mama mkwe alikuwa anapita viwanja vyote kutangaza kwamba binti yake mkunga anakuja! Foleni! Watu tisa! Mke wangu kachuchumaa mchangani anakagua vidole, siku yake ya kwanza ya mapumziko, na ziwa liko nyuma yake hajaligeukia. Nilitaka ardhi inimeze na kiti juu.

Nikamwendea kumwomba radhi. Nikamwambia kila kitu, hata uongo wa Jumatano. Akasema nimshikie bandeji.

Saa nane ikaja mvua. Kubwa. Foleni ikatawanyika. Nikakimbilia hemani kuokoa blanketi, na nikiwa ndani nikasikia kigingi kimetoka: pwaa! Kisha cha pili. Kuta zikaanza kunisogelea. Nilijua kinachotokea. Nimekisimulia kwa wateja miaka kumi na tano! Marinda yakakunjamana, paa likanikaa kichwani, nikatoka kwa magoti. Mganga hajigangi.

Nimepima kwa futi. Kila mita imepoteza karibu sentimita ishirini. Hema la wawili limekuwa la mtu mmoja, tena akunje magoti.

Mwanyumba akatuita wote sebuleni kwake. Palikuwa pakavu. Alikuwa na kahawa. Hakunicheka, na hicho ndicho sitamsamehe. Nikakaa kwenye kiti chake cha kukunja. Ndipo nikagundua mke wangu hayupo.

Nikatoka. Hema langu lilikuwa limesimamishwa tena, limefungwa, vigingi vimepigiliwa kwa jiwe. Mke wangu alikuwa ndani. Kile kitambaa kilipojivuta kilibana, tone halipiti! Mlangoni, chini ya turubai langu, alikaa mama mkwe kwenye kiti chake, fimbo mapajani, redio kaizima. Mama wa kiwanja cha nne alirudi na kidole chake. Akaambiwa pamefungwa. Nikasogea mimi, mume wa ndoa wa miaka kumi.

Nikaambiwa pamefungwa.

Jumapili, 9 Agosti

Mke wangu alilala tangu saa tisa jana hadi saa sita mchana leo. Saa ishirini na moja. Nilihesabu kwa vidole, vikaisha, nikaanza upya.

Mama mkwe hakuondoka mlangoni ila kwa haja zake. Asubuhi nilimpelekea uji. Akaniambia, bila kunitazama, kwamba mdomo wake ulimponza. Anajivunia binti yake, basi akijivunia hawezi kunyamaza. Sasa analipa kwa kukaa. Nikamwambia hata mimi mdomo umeniponza wiki hii. Akasema hilo anajua. Kwa mara ya kwanza kaniita mwanangu.

Nimelala kwenye sebule ya mwanyumba. Anakoroma kwa gia tatu. Alfajiri aliniuliza, kwa sauti ya chini, kama mke wangu kweli alinishika mkono njiani, maana mkewe aliona. Nikasema ndiyo. Akasema hotelini wao hutazama simu, kisha hupiga picha zile taulo. Nikamsaidia kukunja hema, likakataa kurudi kwenye mfuko wake, tukacheka wote wawili.

Mke wangu alipoamka alikwenda moja kwa moja majini, akaingiza miguu. Nilikaa kando yake, mbali kidogo, kwa tahadhari. Akasema hajawahi kupata zawadi nzuri kama hii. Moyo ulinipasuka! Nikamuuliza kilichompendeza zaidi ni nini, ziwa, msitu, au marinda. Akasema: pale ndani, pasipoweza kuingia mtu mwingine. Kisha akaniambia kwa upole kwamba mwakani nisihangaike na msitu. Nitoe watu wote nyumbani, mimi nikiwemo, nifunge mlango, nirudi baada ya siku mbili. Akaegemea bega langu. Nililia kidogo. Nilisema ni moshi, ingawa moto tulikuwa tumeshauzima kwa ndoo tatu.

Tumefukia shimo. Taka zote tumezibeba mgongoni. Kiti nimekibeba tena.

Jumatatu, 10 Agosti

Nimeyatafakari maneno ya mke wangu ya jana. Maana yake iko wazi, anaona haya tu kuisema. Anataka hema kubwa zaidi, la wawili, mwakani, kiwanja kilekile. Nimeanza kuchora. Mama mkwe nimeshamwekea nafasi, kuanzia Jumatano safari hii.

Mchana bwana misitu kapita. Kasema Jumatano anapokea wageni wakubwa, mapazia ya ofisi lazima yawe yametundikwa. Kitambaa chake kimefika leo asubuhi. Kuloweka, kukausha na kupiga pasi ni siku mbili.

Nimesimama mbele ya tangazo langu. Safari hii nimelisoma polepole, neno kwa neno, maana mimi ni mtu anayejifunza. Kilicholiponza hema ni mvua. Ofisi ina paa.

Nimekata.